Mtoto aache soda kwa hiari: Sharubati za nyumbani watakazozililia

Swali ambalo akina mama wa mitaa ya Eastlands hulirudia kila likizo inapokaribia ni moja. Mtoto amezoea soda. Maji hayataki, na matunda huyaonja tu kisha akayaacha kwenye sahani. Afanyiwe nini? Mama wa Buruburu analiuliza, wa Umoja analiuliza, na wa Kayole na Dandora vilevile. Wengine wamejaribu kumkataza mtoto soda kabisa, lakini wakagundua kwamba anachokatazwa nyumbani hukipata kwenye kioski akitumwa unga.

Ndugu msomaji, swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Hakuna mama ambaye angemtilia mtoto wa miaka mitano vijiko vinane vya sukari katika kikombe kimoja cha chai. Hata hivyo, soda hiyohiyo humpa bila wasiwasi, tena wakati mwingine mara mbili kwa siku wageni wakija. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu zote ambazo mtu hupata kutokana na chakula chake cha siku. Shirika hilo liliongeza kwamba ni vyema zaidi ikiwa itapungua hadi nusu ya kiwango hicho. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, soda moja tu hukaribia kumaliza fungu lake la siku nzima, na bado hajanywa chai wala kula mkate uliopakwa jemu.

Matokeo yake tunayaona. Meno ya mbele yanaoza kabla hayajang'oka. Mtoto anashiba maji matamu na chakula kinamshinda. Mwingine ananenepa kupita kiasi, na wazazi wanaita hali hiyo afya.

Njia ya kumtoa mtoto huko si kiboko wala kelele. Njia ni kumpa kitu kitamu zaidi, kilichotengenezwa mbele ya macho yake, kwa tunda la msimu na maji safi. Yote hayo yanawezekana hata katika nyumba ya chumba kimoja, bila jokofu na bila blenda.

SI KILA KIITWACHO JUISI NI JUISI

Wazazi wengi waliokwisha kuona ubaya wa soda hukimbilia juisi za pakiti na chupa. Wanadhani wamevuka mto, kumbe wengine wameingia katika mto mwingine. Duka moja la mtaani linaweza kuwa na vinywaji vitatu vyenye picha ya embe lilelile lakini vitu tofauti kabisa ndani.

Cha kwanza ni sharubati halisi, ambayo ni maji ya tunda tupu. Cha pili ni kile kinachoitwa nekta, ambacho ni tunda lililoongezwa maji na mara nyingi sukari. Cha tatu ni kinywaji chenye ladha ya tunda tu. Humo mna maji, sukari, rangi na harufu ya embe, na tunda lenyewe huenda ni kidogo mno au halimo kabisa. Unga wa juisi unaokorogwa katika jagi la maji mara nyingi huwa katika kundi hili la tatu.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msaidieni mama dukani. Geuzeni pakiti msome orodha ya vitu vilivyotumiwa. Kwa kawaida vitu hivyo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Ukikuta maji ndiyo ya kwanza, sukari ya pili, na tunda liko nyuma kabisa au halijatajwa, basi umeshika maji ya sukari yaliyopakwa rangi.

MAJI KWANZA, TUNDA BAADAYE

Kabla hatujafika kwenye matunda, tuzungumze kuhusu maji, kwa sababu hapa ndipo sharubati nzuri hugeuka kuwa sumu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kiwango chake kinaposhuka mgao huwa mkali, kama ilivyokuwa mwaka wa 2017. Wakazi wengi wa Eastlands huishi kwa maji ya mgao hata miaka ya mvua nzuri. Mfereji ukikauka, tunanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, wala hatujui mtungi ule ulilala wapi jana. Hata maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huchafuka yakikaa siku tatu katika ndoo isiyofunikwa, kila mtu akichota kwa kikombe chake.

Jiji hili limepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni: mwaka wa 2015, mwaka wa 2017, na tena katika mlipuko uliozuka nchini Oktoba 2022 ukaendelea mwaka uliofuata. Homa ya matumbo nayo haijatutoka. Chai hutulinda kwa sababu maji yake huchemka. Sharubati haichemshwi, kwa hiyo maji mabichi ukiyatia humo yatafika tumboni mwa mtoto jinsi yalivyo.

Basi fuata utaratibu huu. Chemsha maji hadi yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda, na uyaache hivyo kwa dakika moja au zaidi. Yafunike yapoe katika sufuria ileile. Anayetumia jiko la makaa anaweza kuyabandika baada ya chakula cha jioni, makaa yakingali na moto, na asubuhi atakuwa na maji yaliyopoa. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na angoje muda ulioonyeshwa kabla ya kutumia maji hayo.

Barafu nayo ni maji. Kuchemsha maji ya sharubati kisha ukatumbukiza vipande vya barafu vya maji ya mfereji ni kazi bure. Chujio, kisu, ubao wa kukatia na vikombe vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyotibiwa. Mikono isisahauliwe.

Tunda pia lioshwe likiwa zima, hata lile ambalo utalimenya. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu la tikiti au nanasi hubeba uchafu huo hadi kwenye nyama ya tunda. Kwa sababu hiyo ni heri kununua tunda zima kuliko vipande vilivyokatwa asubuhi vikakaa kando ya barabara penye vumbi na nzi.

TUNDA LA MSIMU NDILO LA BEI NAFUU

Wapo wanaosema matunda ni chakula cha matajiri. Ni kweli, ukitaka embe mwezi wa Julai utalia bei. Lakini likizo ya Desemba inapofika, maembe ya Makueni na Machakos humiminika jijini, na yale ya Pwani nayo yakaja. Wakati huo pesa za chupa kubwa ya soda ya Jumapili hununua fungu la kutosha familia nzima. Anayeweza kurauka hadi Marigiti au Muthurwa akagawana mzigo na jirani zake wa ploti hupata nafuu zaidi ya anayenunua moja moja kibandani.

Machungwa mengi tunayokula hapa hutoka Tanga, ng'ambo ya mpaka. Mananasi ni ya Thika na mengine ya Uganda. Ndizi, papai na parachichi hazikosekani kwa mama mboga karibu mwaka mzima. Mapera huonekana kwa msimu na watu huyapuuza kwa kuwa ni tunda la mashambani. Ajabu ni kwamba pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya ile iliyo katika chungwa la uzani huohuo.

Vitamini C si ya kuzuia mafua tu kama wengi wanavyodhani. Husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani, na chuma hicho ndicho hujenga damu. Chai hufanya kinyume. Inywewapo pamoja na chakula, huzuia sehemu ya chuma hicho isifyonzwe. Familia nyingi hula githeri kwa chai ya rangi. Ukibadilisha kikombe hicho cha chai ukampa mtoto kipande cha chungwa, pera au kikombe kidogo cha sharubati ya pasheni, githeri ileile itamfaa zaidi bila kuongeza hata shilingi moja ya nyama.

Neno moja kuhusu kuivisha. Wapo wachuuzi wanaoharakisha maembe na ndizi kwa kabaidi, kemikali itumiwayo na mafundi wa kuchomelea vyuma. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembechembe za sumu kama aseniki. Tunda la namna hiyo huweza kuwa na ganda la manjano la kupendeza, na ndani likawa gumu lisilo na utamu. Dawa yake ni kununua maembe yaliyokomaa lakini magumu, ukayafungia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu. Ndizi mbivu hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huamsha matunda mengine yaive. Baada ya siku chache utakuwa na maembe matamu, na watoto watakuwa wamejifunza somo la sayansi hapohapo jikoni.

SHARUBATI TANO ZA KUANZIA

Vipimo hivi ni vya watu wanne hadi sita. Kikombe ni kile cha kawaida cha chai. Penye maji, ni maji yaliyochemshwa yakapoa.

1. Tikiti maji na ndimu

Mahitaji: Robo ya tikiti kubwa lililoiva, ndimu nusu.

Jinsi ya kutayarisha: Ondoa ganda na mbegu, kisha kata vipande vidogo. Ponda kwa mwiko katika bakuli au saga kwa blenda. Chuja ukipenda. Kamulia ndimu na ukoroge. Usitie maji wala sukari, kwa maana tikiti lenyewe sehemu yake kubwa ni maji. Hii ndiyo sharubati ya kumwanzia mtoto aliyezoea soda, kwa kuwa rangi yake nyekundu humvutia na utamu wake haumshtui.

2. Embe na pasheni

Mahitaji: Maembe mawili makubwa mabivu, pasheni sita (ndizo karakara za vitabuni), maji vikombe vitatu.

Jinsi ya kutayarisha: Menya maembe na uyaponde hadi yalainike. Kama ni embe la kienyeji lenye nyuzi, lipitishe kwenye chujio. Kata pasheni, toa vilivyomo kwa kijiko, viweke kwenye chujio juu ya bakuli na usugue kwa mgongo wa kijiko hadi zibaki mbegu tupu. Mwenye blenda asisage mbegu hizo kwa muda mrefu, kwani zikivunjika huacha changachanga na uchungu. Changanya vyote na maji. Embe huleta utamu na pasheni huleta ukali, kwa hiyo sukari haihitajiki.

3. Karoti, chungwa na tangawizi

Mahitaji: Karoti tatu, machungwa matano, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa nusu ya kidole gumba, maji kikombe kimoja.

Jinsi ya kutayarisha: Osha karoti vizuri kwa kuzisugua, kisha zikune kwenye kikunio pamoja na tangawizi. Mwagia maji na uache kwa muda wa dakika kumi. Kamua kwa kitambaa safi cheupe. Kamua machungwa, ondoa mbegu, changanya. Karoti haina kelele na mtoto hataijua asipoambiwa, ilhali ndani yake kuna viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho. Makapi ya karoti yasitupwe. Yatie kwenye chapati au mchuzi wa jioni.

4. Maganda ya nanasi

Mahitaji: Maganda ya nanasi moja, tangawizi kidogo iliyopondwa, kipande cha mdalasini ukiwa nacho, maji vikombe vinane.

Jinsi ya kutayarisha: Nanasi likiwa zima, lisugue kwa brashi na sabuni kidogo, lisuuze kwa maji mengi. Menya. Nyama ya nanasi watoto waile kama tunda. Maganda yabandike na maji, tangawizi na mdalasini, yachemke kwa dakika 20, kisha chuja. Asubuhi ya Julai yenye baridi kinywewe kikiwa moto badala ya chai ya pili. Siku ya jua kinywewe kikiwa kimepoa, kikiongezwa maji ya chungwa moja. Kuchemsha hupunguza vitamini C, lakini mtoto ataipata kwenye vipande alivyokula.

5. Ndizi, parachichi na maziwa

Mahitaji: Ndizi mbivu mbili, nusu ya parachichi, maziwa vikombe viwili.

Jinsi ya kutayarisha: Chemsha maziwa yapoe, hata yale ya mashine tunayonunua mtaani kwa kipimo. Ponda ndizi na parachichi kwa uma hadi pasibaki mabonge, kisha mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga. Kinywaji hiki ni kizito. Ni kifunguakinywa cha mtoto mwembamba asiyependa kula asubuhi, na si cha kuteremshia chakula.

Hapa niwatahadharishe. Usijaribu kuweka nanasi au papai mahali pa ndizi ukaacha kinywaji hicho kikae. Matunda hayo mawili yakiwa mabichi yana vimeng'enya vinavyovunjavunja protini ya maziwa, na baada ya muda mfupi kinywaji huwa kichungu. Wengi wamemwaga maziwa wakidhani yaliharibika kumbe ni kazi ya nanasi. Ukitaka kuvichanganya, mnywe papo hapo, au lichemshe nanasi kwanza kwani moto huua vimeng'enya hivyo.

Aliye na matundadamu na ayamwagie maji ya moto kwa dakika mbili. Ganda lake chungu litavuka lenyewe, na nyama yake huchanganyika vyema na ndizi. Aliye na ukwaju na auroweke, auchuje, kisha autie utamu kwa tende chache zilizorowekwa na kupondwa. Tende utazipata Eastleigh. Aliye na kiazisukari chekundu atie kidogo tu pamoja na machungwa apate rangi ya kupendeza. Lakini usishtuke mtoto akienda haja ndogo yenye wekundu siku hiyo. Kwa baadhi ya watu ni rangi ya kiazi hicho tu.

ULIMI WA MTOTO HUFUNDISHWA

Mtoto aliyezoea vijiko vinane vya sukari hawezi kuruka siku moja hadi sifuri. Akionja sharubati isiyo na sukari atasema ni chachu, naye hasemi uongo, kwa maana ulimi wake umefunzwa hivyo. Samaki mkunje angali mbichi. Mkunje polepole.

Wiki ya kwanza mpe sharubati ya nyumbani ukitia sukari kijiko kimoja kwa kikombe. Wiki ya pili nusu kijiko. Wiki ya tatu robo, na hiyo robo uifidie kwa tunda lililoiva zaidi au kipande cha ndizi. Wiki ya nne achana na sukari. Watoto wengi hawatatambua ni lini hasa ilitoweka. Kisha siku moja watapewa soda kwenye arusi na kukuambia, "Mama, hii ni tamu sana." Hapo ujue kazi imekwisha.

Yapo mambo mengine yanayosaidia. La kwanza ni kumshirikisha. Mtoto wa miaka minne anaweza kuosha pasheni na kusugua chujio. Wa miaka minane anaweza kukamua machungwa. Kitu alichokitengeneza mwenyewe hatakikataa, na atawaita na watoto wa mlango wa pili waje kukionja. La pili ni jina. Sharubati ya karoti na chungwa ikiitwa "machweo" au jina la timu yake ya mpira ina bahati zaidi kuliko ikiitwa "dawa ya macho". La tatu ni baridi. Mwenye jokofu na amimine sharubati katika vikombe vidogo, achomeke kijiko katikati na kuigandisha, na watoto watailamba kama zile barafu za rangi zinazouzwa karibu na lango la shule. Asiye na jokofu na aweke jagi lililofunikwa ndani ya karai la maji baridi, alifunike kwa kitambaa kilicholowa na aliweke penye upepo. Litapoa kiasi cha kutosha.

La nne, na pengine ndilo gumu kuliko yote, ni mfano wa wazazi. Baba akifika jioni na chupa ya soda ya lita mbili chini ya kwapa, sharubati ya mama haina nafasi. Watoto hutazama kikombe kilicho mkononi mwa mkubwa.

SHARUBATI NAYO INA MPAKA

Nisingekuwa nimewatendea haki nikiwaacha mkidhani kwamba sharubati ya nyumbani inywewe kama maji. Tunda likishakamuliwa, sukari yake huingia mwilini upesi, na shirika la WHO huihesabu pamoja na ile sukari ya kupunguzwa. Tunda zima lina nyuzi zinazoshibisha na kusafisha tumbo. Ndiyo maana nimesisitiza kuponda kuliko kukamua, na kuchuja pale tu panapolazimu. Mtoto anayekubali kula chungwa lake kwa mkono mwache alile, usimkamulie.

Kuhusu kiasi, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka wa 2017 ambao ni rahisi kuukumbuka. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe sharubati kabisa. Wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 kwa siku, yaani kikombe kidogo. Wa miaka minne hadi sita asizidishe mililita 180, na wa miaka saba kwenda juu asizidishe mililita 240. Baada ya hapo kiu ikatwe kwa maji safi.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa maziwa ya mama pekee. Asali nayo asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwani huweza kubeba viini vinavyoleta maradhi mabaya kwa watoto wachanga.

Usimpe mtoto chupa ya sharubati alale nayo mdomoni, kwa maana sukari hukaa juu ya meno usiku kucha. Mpe wakati wa chakula, kwa kikombe, kisha asukutue kwa maji.

Na mtoto akiendesha, wengi huharakisha kumpa soda iliyotolewa gesi au juisi tamu ili "apate nguvu". Msifanye hivyo. Sukari nyingi huweza kuzidisha kuhara. Anachohitaji ni maji ya chumvi na sukari maalum ya pakiti, ile ORS inayopatikana kliniki na kwenye maduka ya dawa, pamoja na zinki atakayopewa na muuguzi. Anyonyeshwe kama bado ananyonya, na apelekwe kliniki upesi macho yakianza kudidimia au akishindwa kunywa.

KWA WANAOKWENDA SHULE

Akina mama wengi wangependa kumfungia mtoto sharubati shuleni. Yafaa, ila muijue saa. Sharubati isiyo na maziwa iliyotengenezwa alfajiri na kutiwa katika chupa safi yenye mfuniko wa kukaza inywewe mapumziko ya saa nne, isingoje chakula cha mchana. Ile ya maziwa ibaki nyumbani. Jokofuni sharubati isizidi siku moja. Nje ya jokofu tengeneza ile tu itakayomalizika mara hiyo. Ikianza kutoa povu au harufu ya uchachu, imwage. Chupa na mfuniko vioshwe kila jioni kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa vijidudu hupenda kujificha kwenye nyuzi za mfuniko.

Wiki hii anza na moja tu. Ukipita kwa mama mboga jioni, chukua tikiti na ndimu, ubandike sufuria ya maji ya kuoshea vyombo, na umwite mtoto akusaidie kuponda. Usimhubirie kuhusu soda wala usimwambie anakunywa kitu cha afya. Mpe kikombe, ukae kimya, umngoje aombe kingine.

Jumapili ijayo tutatazama mkebe wa chakula cha shule: nini cha kumfungia mwanafunzi badala ya mandazi na krispi za kila siku. Hadi hapo, Jumapili njema.